Lenzi za f/0.95 kutoka kwa Watengenezaji Wadogo: Unafuu Wake Unatoka Wapi?

Namba f/0.95 inayoandikwa kwenye pete ya mbele ya lenzi ni jibu la hesabu ya kugawanya: urefu wa fokasi (zile milimita zinazotaja uwanja wa kuona wa lenzi) umegawanywa kwa kipenyo cha tundu linaloonekana ukiichungulia lenzi kwa mbele. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 ina tundu la takriban milimita 28, na ile ya f/0.95 ina tundu la karibu milimita 53, yaani kipenyo kinachouzidi hata urefu wake wa fokasi. Kwa kuwa kiasi cha mwanga hufuata eneo la tundu, lenzi hiyo ya pili huingiza mwanga zaidi ya mara tatu na nusu ya ile ya kwanza. Mwanga ukiwa mwingi, shata (mlango wa kupitisha mwanga ndani ya kamera) inaweza kufunguka kwa muda mfupi zaidi, na ndiyo maana wapiga picha huziita lenzi hizi kuwa ni za kasi ingawa, kama tutakavyoona, kuzitumia ni kazi inayotaka utulivu.

Kwa miongo mingi tundu la ukubwa huo lilikuwa la wachache. Canon ilitoa lenzi yake ya milimita 50 f/0.95 mwaka 1961 kwa ajili ya kamera ya Canon 7. Leica ilianzisha ukoo wa Noctilux mwaka 1966 kwa f/1.2, ikaifikia f/0.95 mwaka 2008. Zeiss ilitengeneza Planar ya milimita 50 f/0.7, lenzi kumi tu. Nyingi zilikwenda NASA, na tatu zikanunuliwa na Stanley Kubrick, aliyezitumia kupiga matukio yaliyomulikwa kwa mishumaa katika filamu ya Barry Lyndon ya mwaka 1975.

Mlango wa lenzi hizi kwa watu wa kawaida ulifunguliwa na mabadiliko ya kamera zenyewe. Kamera za zamani zenye kioo cha kuakisi zilihitaji nafasi kubwa kati ya lenzi na kihisi (kipande kinachopokea picha) ili kioo hicho kipate kupanda na kushuka. Katika kifungio (mahali lenzi inapofungwa kwenye kamera) cha Nikon F nafasi hiyo ni milimita 46.5. Kamera zisizo na kioo cha kuakisi zimeipunguza hadi milimita 18 kwa Sony E na milimita 16 kwa Nikon Z, kwa hiyo msanifu anaweza kuweka kioo kinene cha nyuma karibu kabisa na kihisi. Zaidi ya hapo, kitazamio cha elektroniki humwonyesha mpiga picha kile kile kinachoonwa na kihisi, tena kwa kukikuza mara nyingi, ilhali viwambo vya kulengea vya kamera za zamani, hasa zile za fokasi ya moja kwa moja, havikuweza kuonyesha kina halisi cha eneo lenye ukali kwa tundu pana kiasi hiki. Cosina ya Japani, kwa jina la Voigtländer, ilitoa milimita 25 f/0.95 mwaka 2010. Zhongyi ya Shenyang nchini China ikatoa Mitakon Speedmaster ya milimita 50 f/0.95 kwa kamera za Sony mwaka 2014. Kisha wakaja 7Artisans, TTArtisan, na Venus Optics kwa jina la Laowa. Leo mtu anayetaka f/0.95 anaweza kuchagua kati ya lenzi nyingi ambazo bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya zile za kampuni kubwa.

Swali ambalo mnunuzi anapaswa kuanza nalo, kabla ya kulinganisha picha za mifano wala kusoma sifa za tangazo, ni hili: unafuu huo umetoka wapi? Sheria za mwanga hazimpunguzii mtengenezaji mdogo hata chembe. Ukiziweka mezani Nikon Noct ya milimita 58 f/0.95 iliyotangazwa mwaka 2019 na Speedmaster ya milimita 50 f/0.95, tofauti inaonekana kabla hujazifunga kwenye kamera. Ya kwanza ina vipande 17 vya kioo na uzito wa kilo mbili. Ya pili ina vipande 10 na uzito wa takriban gramu 720. Zote mbili hulengwa kwa mkono, kwa hiyo tofauti hiyo haitokani na injini ya fokasi. Gramu zile zaidi ya elfu moja ni kioo na chuma kilichowekwa ili kusahihisha kasoro ambazo lenzi ndogo imeamua kuishi nazo. Penye nafuu pana kilichopunguzwa, na kwa lenzi hizi kinachopunguzwa ni usahihishaji wa kasoro za mwanga, elektroniki, au ukaguzi wa kila lenzi kabla haijatoka kiwandani, na mara nyingi vyote vitatu. Mnunuzi mwenye busara hutafuta lenzi ambayo kilichopunguzwa ndani yake hakiigusi kazi yake.

Kasoro zinazoachwa

Kioo cha umbo la tufe hakiikusanyi miale yote mahali pamoja: inayopita pembeni mwa kioo hukutana karibu zaidi kuliko inayopita katikati. Mtawanyiko huo hukua kwa kasi ya kutisha kadiri tundu linavyopanuka, kwa kipeo cha tatu cha kipenyo, hivi kwamba kutoka f/1.4 hadi f/0.95, hatua inayoongeza mwanga mara mbili na kidogo tu, kasoro isiposahihishwa huongezeka zaidi ya mara tatu. Kwenye picha inaonekana kama pazia la mwanga laini juu ya kila kitu cheupe: kola ya shati hung'aa nje ya mpaka wake, na ngozi ya uso hulainika hata pale ambapo fokasi imekaa sawasawa. Kando ya kasoro hiyo kuna pindo la zambarau au kijani kwenye matawi yaliyo mbele ya anga na kwenye vitu vya chuma vinavyometa, na kuna koma, ile inayofanya taa ya mbali iliyo kwenye kona ya picha iote mabawa kama ndege.

Sisemi kwamba hayo yote ni mabaya. Wapo wanaolipa kwa ajili ya kasoro hizo hizo, na wana haki. Light Lens Lab ya China hutengeneza upya lenzi za kale za Leica, ikiwemo ile Noctilux ya 1966, kwa sababu kuna watu wanaotaka picha ifanane na ya enzi hiyo. MS Optics, karakana ndogo ya Japani, ilitoa Sonnetar ya milimita 50 f/1.1 kwa umbo dogo la kushangaza, kwa kuukubali wazi ulaini unaotokana na vioo vichache. Kwa picha ya mtu aliyeketi karibu na dirisha wakati wa jioni, pazia lile la mwanga huweza kuwa ndilo linaloifanya picha ipendeze. Kwa picha za nyota ni balaa, kwani kila nyota ya pembeni hugeuka kipepeo. Kwa hiyo sifa ya lenzi kuwa "kali" au "laini" haina maana hadi iambatane na kazi.

Kuna kasoro moja ambayo watangazaji hawaitaji na ambayo humtesa mnunuzi mgeni: fokasi kuhama tundu linapobanwa. Kwa kuwa miale ya pembeni na ya katikati hukutana mahali tofauti, ukilenga kwa f/0.95 kisha ukabana hadi f/2, miale ya pembeni hukatwa na mahali penye ukali husogea nyuma kidogo. Mtu anaangalia picha zake, anaona jicho halina ukali ingawa alilenga kwa makini, na anadhani mkono wake ulitikisika. Dawa ni rahisi: kulenga kwa tundu lile lile utakalopigia.

Sentimita mbili

Kina cha eneo lenye ukali kwa lenzi ya milimita 50 f/0.95 kwenye kihisi cha fremu kamili (chenye ukubwa wa picha ya filamu ya milimita 35), mtu akiwa umbali wa mita moja, ni sentimita mbili na kidogo. Kwenye karatasi ni namba tu. Ukiwa na kamera mkononi mambo ni haya: umemgeuza anayepigwa picha kidogo upande, jicho lake la karibu na la mbali vimetofautiana kwa sentimita tatu au nne, kwa hiyo lazima uchague moja. Unazungusha pete hadi kope za jicho la karibu zianze kuonekana moja moja katika kitazamio kilichokuzwa. Unazungusha kidogo zaidi, upana wa unywele, na kope zinafifia huku mistari ya mboni ikijitokeza. Hapo anavuta pumzi, kichwa kinasogea, na fokasi iko kwenye nyusi. Unarudia. Kati ya picha kumi huenda mbili au tatu zikawa na jicho unalolitaka, na hilo ni kwa mtu aliyetulia.

Ndiyo maana nashauri kuitazama pete ya fokasi kwa uzito ule ule tunaoupa ubora wa kioo. Pete inayosafiri mzunguko mrefu, kwa ulaini usiobadilika kutoka mwanzo hadi mwisho, huokoa picha nyingi kuliko tofauti ndogo za ukali kwenye kona. Pete yenye mzunguko mfupi, au iliyo nyepesi mahali na ngumu mahali kwa sababu grisi haikupakwa sawasawa, huifanya f/0.95 kuwa namba isiyotumika.

Mwanga wa mchana una tatizo la kinyume. Kwenye jua kali, kwa ISO 100 (kipimo cha wepesi wa kihisi kupokea mwanga), f/0.95 hudai shata ya karibu 1/28000 ya sekunde, wakati shata za kimakanika za kamera nyingi huishia 1/4000 au 1/8000. Shata ya elektroniki ya baadhi ya kamera hufika huko, lakini mara nyingi hupindisha vitu vinavyokwenda mbio. Filta ya kijivu ya kupunguza mwanga, yenye nguvu ya stopu tatu (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), hulimaliza tatizo. Bei yake ihesabiwe pamoja na ya lenzi.

Namba moja, vihisi tofauti

Wanunuzi wengi hupotea hapa. Lenzi nyingi za bei nafuu zaidi zenye f/0.95 zimetengenezwa kwa vihisi vidogo, APS-C au Micro Four Thirds. Milimita 35 f/0.95 kwenye APS-C ya Sony au Fujifilm hutoa uwanja wa kuona na ukungu wa mandharinyuma unaolingana na wa milimita 52 hivi kwa f/1.4 kwenye fremu kamili. Milimita 25 f/0.95 kwenye Micro Four Thirds hulingana na milimita 50 kwa f/1.9, yaani karibu sawa na lenzi ya kawaida ya 50 f/1.8 ambayo kampuni kubwa kadhaa huiuza kwa bei ya chini, tena ikiwa na fokasi ya moja kwa moja. Mwangaza wa picha kwa shata na ISO zile zile hubaki wa f/0.95, hilo ni kweli. Hata hivyo, mtu anayenunua kwa ajili ya ukungu wa mandharinyuma anapaswa kufanya hesabu hii kabla ya kulipa, kwa sababu huenda kinachomfaa ni kubadili kamera.

Kihisi chenyewe pia kina neno lake. Miale ya lenzi ya f/0.95 hukifikia kwa umbo la koni pana, ile ya pembeni ikiinama kwa takriban nyuzi 32 kutoka kwenye mhimili, ilhali kwa f/2.8 ni nyuzi 10 tu. Visima vidogo vya kihisi havipokei vizuri mwanga ulioinama kiasi hicho, hivyo sehemu ya mwanga ulioulipia hupotea mlangoni. Ongeza mwanga unaofyonzwa na vioo vyenyewe, na faida halisi ya f/0.95 dhidi ya f/1.2 huwa ndogo kuliko hesabu inavyoahidi.

Halafu kuna kioo chembamba kinachokifunika kihisi. Kwenye kamera za Leica M za dijitali unene wake haufiki milimita moja. Kwenye Sony ni karibu milimita mbili. Kwenye Micro Four Thirds ni karibu nne. Msanifu huihesabu milimita hiyo kama kipande cha lenzi. Lenzi iliyosanifiwa kwa Leica M ikifungwa kwenye Sony kwa adapta, kona zake huweza kuvurugika, na mtu akailaumu lenzi isiyo na kosa. Wanaonunua toleo la M kwa hoja kwamba litaingia kwenye kamera yoyote kwa adapta wako sahihi kuhusu kuingia. Kuhusu ubora wa kona, waangalie picha zilizopigwa kwa kamera kama yao, si kwa Leica.

Kamera isiyoijua lenzi

Lenzi nyingi za watengenezaji wadogo hazina mguso wowote wa umeme. Kamera haijui kwamba kuna kitu kimefungwa, kwa hiyo kwanza lazima uiruhusu kwenye menyu ipige bila lenzi, la sivyo kibonyezo hakitafanya kazi, na wapo waliorudisha lenzi nzima kwa sababu hiyo tu. Pili, kituliza-mtikisiko kilicho ndani ya kamera huhitaji kuambiwa urefu wa fokasi kwa mkono. Ukiacha namba ya lenzi ya jana, kitasahihisha kwa kipimo kisicho chake na kukupa picha zenye mtikisiko wa ajabu. Tundu ulilotumia halitaandikwa kwenye faili. Baadhi, kama lenzi za Voigtländer za kifungio cha Sony E, zina chipu ya kupeleka taarifa hizi, na binafsi naona chipu hiyo inastahili nyongeza ya bei kwa mtu anayefanya kazi ya kulipwa.

Kwa kamera za Leica M kuna suala jingine la kipekee, kwani kulenga hutegemea mkono wa chuma unaoguswa na lenzi. Kosa la sehemu ndogo ya milimita hapo linatosha kuivuruga f/0.95. Baadhi ya lenzi za 7Artisans na TTArtisan za kifungio hicho zimeundwa ili mnunuzi aweze kuzirekebisha mwenyewe, na huja na chati ya kulengea. Kama kazi hiyo inakutia hofu, afadhali ulenge kwa skrini.

Lenzi iliyo mkononi mwako

Haya yote ni kuhusu usanifu, na mapitio ya wataalamu huyaeleza vizuri. Kile ambacho hakuna mapitio yanayoweza kukuambia ni hali ya lenzi itakayofika kwako. Ukaguzi ni gharama, na lenzi za tundu kubwa haziyasamehe makosa ya ufungaji: kipande kimoja kikiinama kidogo ndani ya bomba, picha nzima huegemea upande.

Lenzi yangu ya kwanza ya aina hii, kutoka kwa mtengenezaji ambaye sitamtaja, ilikuwa nzuri kuishika, nzito, yenye pete laini kama iliyopakwa siagi. Kwa wiki mbili nilipiga nyuso tu, na nyuso hukaa katikati, hivyo sikuona kitu. Usiku mmoja nilipiga safu ya taa za barabarani kutoka dirishani. Upande wa kushoto taa zilikuwa nukta zenye mabawa madogo, jambo nililolitarajia. Upande wa kulia kila taa ilikuwa mkia mrefu uliopinda. Niliigeuza kamera juu chini, nikapiga tena, na mikia ikahamia upande wa pili wa barabara pamoja na upande ule ule wa lenzi. Muda wa kurudisha ulikuwa siku kumi na nne, nami nilikuwa siku ya kumi na tano.

Tangu hapo nina jaribio ninalolifanya siku ile ile boksi linapofunguliwa. Naweka kamera kwenye stendi usiku, naiweka taa moja ya mbali katikati, nalenga kwa f/0.95, kisha naihamisha taa hiyo hadi kila kona nne bila kugusa fokasi. Nikiona ulaini au mabawa yanayofanana kwenye kona zote, huo ni usanifu, na nilipaswa kuujua kabla ya kununua. Kona moja ikitofautiana na nyingine waziwazi, lenzi imekaa vibaya na inarudi. Kisha nazungusha pete hadi mwisho na kuangalia kama nyota au taa za mbali kabisa zinapata ukali. Adapta nene kupita kiasi huifanya lenzi isifike huko. Mwisho natazama ndani kwa tochi nikitafuta mafuta kwenye visu vya tundu (vipande vinavyolibana na kulipanua).

Muuzaji naye apimwe kabla ya lenzi. Ulizia nani hulipa usafirishaji wa kurudisha, na nchi ipi lenzi hupelekwa kutengenezwa, kwa sababu gharama ya kutuma kifurushi kizito nje ya nchi na ushuru wa kukipokea tena huweza kuimeza dhamana yote. Vipuri vya lenzi hizi ni nadra kuuzwa, na fundi wa kawaida atakataa kuifungua lenzi ambayo hana kipimo cha kuirudisha sawa. Kuwa mwangalifu zaidi na lenzi inayouzwa kabla ya kutengenezwa kwa kuchangisha fedha mtandaoni. Meyer-Optik Görlitz lilikuwa jina la kale na la kuheshimika. Kampuni iliyolimiliki ilipofilisika mwaka 2018, jina lilinunuliwa na kampuni nyingine, lakini waliokuwa wamelipia lenzi zao mapema kwa michango hawakuwa na cha kudai kwa mmiliki mpya.

Ile lenzi yangu yenye mikia bado ninayo. Muuzaji alijibu kwa adabu na kuniomba picha, nikazituma, akakubali kwamba ina hitilafu, kisha akanitajia gharama ya kuisafirisha, na nikaona ni nusu ya nilichoilipia. Ninaitumia kwa picha za watu, uso ukiwa katikati au kushoto. Niliyoinunua baadaye, kwa muuzaji wa pili na baada ya kuijaribu usiku wa kwanza, ina mabawa yanayolingana kwenye kona zote nne.